Mwalimu na Jedwali la Petroli

Tangu mvua za vuli zilizopita, mimi na Mwalimu tumekuwa na habari moja tu, nayo ni mguu wake: utabaki au hautabaki. Kabla ya hapo habari yetu ilikuwa petroli. Miaka mitatu tulizungumza petroli, yeye mstaafu wa hesabu na fizikia, mimi fundi wa magari wa Nyegezi ambaye fizikia niliiacha kidato cha pili bila majonzi. Watu wakiniona namsindikiza kliniki wanauliza kama ni mama yangu. Nikisema hapana, ni mwalimu wangu, wanauliza wa shule gani, na hapo huwa nachoka kueleza.

Hakunifundisha shuleni. Alinifundisha gerejini kwangu, akiwa amekalia siti ya nyuma ya Noah iliyong'olewa, ambayo tuliiegemeza ukutani ikawa ya kwake. Mara ya kwanza alikuja na gari lake dogo, akilalamika kwamba linazima kila likifika kwenye makutano ya barabara. Nikalikagua, nikalizungusha mtaani, nikamwambia kwa adabu zote kwamba gari ni zima, ila klachi inaachiwa haraka.

"Kwa hiyo mbovu ni mimi," akasema.

Nikachukua kitabu cha risiti.

"Andika basi kwenye risiti. Ubovu: dereva."

Niliandika, kwa sababu alisimama pale mpaka nikaandika.

Siku hiyo kwenye benchi kulikuwa na laptopu imefunguka, na kwenye kioo chake kulikuwa na jedwali lililoninyima raha wiki nzima. Mteja wangu mmoja, mfanyabiashara wa samaki wa Busisi, alikuwa na pikapu aliyoitia injini kubwa ya gari jingine. Kompyuta ya injini ile iliingia maji ikafa, na ya kufanana nayo hatukuipata Mwanza nzima. Ndugu yake akamletea kompyuta tupu, ile ambayo fundi anaifundisha mwenyewe. Tupu maana yake haijui chochote. Injini ikizunguka mara elfu mbili kwa dakika, gari likiwa halina mzigo, iipe petroli kiasi gani? Ikizunguka hivyo hivyo huku inapanda mlima na tani moja ya samaki, je? Kila jibu lina chumba chake kwenye jedwali, na vyumba vinazidi mia mbili. Mimi nilikuwa navijaza kwa kusikiliza injini na kunusa moshi, kama nilivyofundishwa enzi za kabureta.

Mwalimu akavaa miwani, akainama.

"Hizi namba umezitoa wapi?"

"Kwa uzoefu, Mwalimu."

"Uzoefu wako una desimali mbili?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Kesho yake alirudi bila gari, kwa miguu, akiwa na daftari la grafu, penseli mbili na rula, akaketi kwenye siti ya Noah kana kwamba tulikuwa tumepatana.

Sitaeleza alizaliwa wapi wala ukoo wake, na hata nikitaka sitaweza. Lafudhi ilikuwa ya Kagera, hilo halikujificha, na ndizi alizopika zilikuwa za Kagera. Umri wake kila alipoutaja ulikuwa mwingine. Mtu wa kanisani akimuuliza alikuwa na sitini na tano. Akitaka nimfungulie mlango wa gari alikuwa na sabini na mbili. Namba zake mwenyewe hazikumsumbua. Nikimpigia simu saa tatu kuuliza yuko wapi, atasema, "Nipo njiani, nimefika kwenye kona," na nyuma yake nasikia redio ya sebuleni. Chai aliitia sukari kwa kumimina kutoka kwenye kopo, hata kijiko hakukitumia. Ndizi alizipika kwa macho, chumvi kwa macho, mafuta kwa macho, na zilikuwa tamu. Lakini mwambie kwamba injini "iko vizuri" uone. "Vizuri ni ngapi?" atakuuliza. Nilikuwa naogopa neno vizuri gerejini kwangu mwenyewe.

Kazi aliyonifundisha nitaieleza kwa kifupi, maana hata mimi ilinichukua miezi kuielewa. Kwenye bomba la moshi nilikuwa nimechomelea sensa inayosoma moshi na kusema hewa iliyoingia ni sehemu ngapi kwa sehemu moja ya petroli. Mimi nilikuwa naitazama tu, kama mtu anavyotazama saa ya ukutani. Mwalimu aliuliza kama laptopu inaweza kuweka kumbukumbu ya usomaji huo. Nikamwambia ndiyo, inaandika mistari kumi kila sekunde, mizunguko, mzigo na moshi, lakini faili lake ni refu mno, nani atalisoma?

"Mimi," akasema. "Mimi nina muda."

Basi tukawa tunatoka asubuhi na pikapu ya yule wa Busisi, mimi nikiendesha, yeye pembeni na laptopu mapajani, chini yake amekunja khanga kwa sababu ilikuwa inamuunguza. Tunashika barabara ya Usagara, tunateremka mpaka Misungwi, tunarudi. Alitaka niendeshe kwa mwendo mmoja bila kubadilika, dakika nzima, kisha mwendo mwingine, dakika nzima. "Shikilia hapo. Shikilia. Aa, umetikisika!" Mabasi yanatupita yanatupigia honi, na ng'ombe wa watu wanavuka, na yeye ananilaumu mimi kwa ajili ya ng'ombe. Nikirudi mgongo umekufa ganzi. Yeye anashuka, anachuma mstari mmoja mmoja kwenye faili, anaupeleka kwenye chumba chake, anatafuta wastani. Kama tulitaka hewa kumi na tatu na sensa imesema kumi na sita, anagawanya, anazidisha na namba iliyokuwepo, ananipa namba mpya. Kesho tunatoka tena.

Chumba ambacho hatukukipatia usomaji wa kutosha alikizungushia penseli nyekundu. Maana yake, aliniambia, hapa hatujafika. Mwanzoni daftari lote lilikuwa jekundu.

Mwezi wa kwanza mambo hayakwenda. Kila tukirekebisha, injini inazidi kukohoa, hasa ukikanyaga aksileta kwa ghafla. Mimi nilishaanza kusema sensa ni feki. Mwalimu akachora mistari miwili kwenye karatasi mbili za grafu, mmoja wa mguu wangu kwenye aksileta, mwingine wa moshi, akaziweka juu ya kioo cha dirisha, akawa anasukuma karatasi moja pole pole juu ya nyingine mpaka vilima vikalingana.

"Moshi unachelewa," akasema. "Petroli inaingia sasa, moshi wake unafika kwenye sensa baadaye. Kwenye faili wameandikwa mstari mmoja kama mapacha."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo mwezi mzima tumemchapa mwanafunzi ambaye hajakosea. Aliyekosea yuko dawati la mbele yake."

Tukafuta mistari yote ambayo mguu wangu ulikuwa unacheza, tukabakiza ile tu iliyotulia. Tukaanza upya. Nilitaka kulia kwa uchovu, na kusema kweli nilimchukia kidogo siku ile. Lakini wiki mbili baadaye tulipanda kilima cha Bugarika kwa gia ya tatu, gari halikutikisika hata mara moja, lilivuta kama limekata kiu. Niligeuka kumtazama. Alikuwa anamenya karanga, anatupa maganda dirishani. Furaha yangu ya siku ile sijaipata kwa injini nyingine yoyote, na sikumwambia. Nilipaswa kumwambia.

Alikuwa mkali, na ukali wake haukuwa na ratiba. Mteja akija kupayuka alimpokea yeye, mimi nikajificha chini ya gari. Kanisani aliimba sauti ya pili na wanaomjua wanasema aliwasimamisha wenzake katikati ya wimbo kwa sababu mtu mmoja amechelewa kuingia. Yeye mwenyewe kila Jumapili alichelewa ibada. Kwa watoto wake, mmoja Dar, mwingine Bukoba, alisema yu mzima wa afya siku zote. Nilikuwa nimekaa naye siku moja amejilaza kwenye ile siti, macho mekundu, midomo imekauka, anakunywa maji chupa baada ya chupa. Simu ikalia. "Mzima kabisa, mwanangu," akasema. "Nakimbizana tu na fundi wangu hapa." Akakata, akaniomba maji mengine. Alikuwa na kisukari miaka mingi kabla sijamjua, na nilikijua kwa chupa zile, hakuniambia.

Jambo moja tu hakulisamehe, nalo ni kupika. Waliosoma shule zetu wanajua ninachosema. Kwenye mtihani wa vitendo unapewa uzi na kijiwe, upime muda wa kubembea, utafute jibu ambalo kila mtu tayari analijua. Basi mwanafunzi anaanza na jibu, anarudi nyuma, anaandika vipimo vinavyolizaa. Uzi wala hakuugusa. Mwalimu alisahihisha vitendo vya namna hiyo miaka thelathini. Alisema aliyepika humtambua kabla hajasoma jina, kwa sababu kazi yake ni safi mno. Aliwahi kumpa maksi nyingi binti ambaye jibu lake lilikuwa la ajabu kabisa, kwa sababu ndiye pekee aliyepima. Wenzake walilalamika kwa mkuu wa shule. Mwalimu akamtoa mkuu ofisini, akampeleka maabara, akapima mbele yake kwa uzi ule ule, naye akapata jibu la ajabu. Dirisha la maabara lilikuwa halifungi, upepo wa ziwa ulikuwa unaingia.

Na mimi nilipika.

Ilikuwa mwishoni mwa kazi ya ile pikapu. Vyumba vilivyobaki vyekundu vilikuwa kumi au kumi na viwili, vyote kwenye kona ya juu, kona ya mzigo mzito. Kuvifikia ilitakiwa kulijaza gari kweli kweli na kupanda nalo mlima mara nyingi. Mwalimu alikuwa ameenda Bukoba msibani. Mteja alikuwa anapiga simu asubuhi na jioni, samaki wake wanasubiri. Nikaitazama ile kona, nikatazama vyumba vya jirani, nikaona namba zinavyopanda, nikaziendeleza. Ilinichukua muda wa kunywa chai moja. Nikamkabidhi gari.

Wiki ya tatu pistoni iliungua. Alikuwa anatoka Sengerema na samaki na barafu, anapanda mwinuko, injini ikapewa petroli kidogo kuliko ilivyohitaji, ikawa moto kupita kiasi. Samaki wote waliharibika barabarani. Nilipoifungua nikaona pistoni ina tundu, nikajua saa ile ile, na saa ile ile nikamwambia mteja ni mafuta machafu. Ndilo jibu letu mafundi. Kituo cha mafuta hakipo pale kujitetea.

Mwalimu aliporudi hakuuliza habari za gari, alishazisikia mtaani, pamoja na ile ya mafuta machafu. Aliketi, akafungua laptopu, akatembea na kidole mpaka kwenye ile kona.

"Hapa ulifika lini?"

"Wiki ile ulipokuwa msibani, Mwalimu."

"Ulipakia mzigo?"

"Ndiyo."

Akavua miwani, akaifuta kwa khanga, akaivaa.

"Kila chumba kimemzidi jirani yake kwa nne. Nne, nne, nne. Injini gani hii inayohesabu kama mtoto wa chekechea? Namba za kweli zina vumbi, Fundi. Hizi zimepigwa deki."

Nikaokota tambara, nikajifuta mikono.

"Umepika."

"Nimepika, Mwalimu."

Nilitegemea angepiga kelele. Hakupiga. Alisema kupika kwenyewe amekuzoea, nusu ya nchi hii ameisahihisha. Kinachomuuma ni kwamba kuna mtu Busisi anaamini ni mafuta. "Nenda ukamwambie," akasema, akafunga laptopu, akaondoka na wiki mbili hakuonekana.

Nilikwenda. Nilimkuta mwaloni, pale mitumbwi inaposhushia samaki, amesimama kwenye mizani yake, magamba ya samaki mpaka kwenye viwiko. Nilimwambia yote, vyumba, chai, na mdomo wangu. Alisikiliza bila kuniangalia.

"Yule wa kituo cha mafuta nimeshamtukana mbele ya watu," akasema mwishoni. "Sasa nitamwangaliaje?"

Akanirudishia gari nilitengeneze, na nilipolirudisha lilikuwa limefika kila chumba, maana Mwalimu alirudi. Alirudi Jumamosi na karanga zake, hakuuliza niliongea nini Busisi. Tulipakia mifuko ya mchanga mpaka springi zikalala, tukapanda na kushuka Bugarika siku nzima, mpaka penseli nyekundu ikaisha kwenye daftari.

Kidonda kilianza baadaye, wakati wa mvua. Kilikuwa chini ya kidole gumba cha mguu wa kushoto, kidogo kama harage. Yeye anasema ni viatu vipya vya kanisani. Mimi nina wasiwasi kwamba ni gerejini kwangu. Alikuwa anaingia na kandambili, na sakafu yangu ina vipande vya waya na chuma ambavyo mtu mwenye miguu isiyo na hisia anaweza kutembea navyo siku nzima asijue. Nilimwambia hivyo mara moja. Akasema nisijipe umuhimu. Tangu hapo nafagia kila jioni, na kila nikifagia nakumbuka.

Watoto wake wako mbali, kwa hiyo kliniki nilimpeleka mimi. Daktari alikuwa binti mdogo, mpole, anaongea taratibu. Alisema kidonda kama hiki kinapona au hakiponi kwa sababu ya sukari. Akampa kipimo kidogo cha kutoboa kidole, na daftari. Apime kila asubuhi kabla hajala, aandike. Sukari ikiwa imetulia, saba au chini yake, wataendelea na vidonge na kusafisha kidonda. Ikiwa juu, atachomwa sindano za insulini kila siku na kidonda kitafunguliwa mapema, kabla hakijaingia kwenye mfupa. Kikishaingia kwenye mfupa, mguu hauna maneno mengi, unakatwa.

"Bibi, umenielewa?"

"Mimi ni mwalimu wa hesabu," akasema Mwalimu. "Madaftari ndiyo kazi yangu."

Niliamini. Nilisema moyoni, kama kuna mtu Mwanza hii atakayepima sawasawa, ni huyu.

Kliniki ya pili ilikuwa baada ya wiki sita. Tuliketi kwenye benchi la koridoni, wakamwita kupimwa uzito, akaniachia mkoba na daftari. Nililifungua kwa sababu mikono ilikuwa haina kazi. Sita nukta tano. Sita nukta nne. Sita nukta tano. Sita nukta sita. Sita nukta tano. Ukurasa mzima, na wa pili, na wa tatu. Peni ile ile ya buluu, mwandiko umelala upande ule ule, na huyu ni mtu anayeandika kwa chochote kilicho karibu, hata penseli ya nyusi. Halafu nikaona tarehe ya safari ya kwaya. Asubuhi ile nilimchukua kwake mwenyewe, kumpeleka Misungwi, hajanywa hata maji, hajapima, na kipimo alikisahau mezani. Nakumbuka kwa sababu njia nzima alijilaumu. Kwenye daftari palikuwa na sita nukta tano.

Nililifunga, nikaliweka juu ya mkoba.

Ndani, daktari alipima sukari ya siku ile, ikawa nane na kitu, na baadaye nilikuja kujua kwamba tangu jana yake asubuhi Mwalimu alikuwa hajala. Daktari akafungua daftari, akapitisha kidole, uso ukachangamka.

"Bibi, hongera sana. Laiti wagonjwa wangu wote wangekuwa hivi. Basi tuendelee na vidonge."

"Ahsante, daktari," akasema Mwalimu. Hakuniangalia.

Mimi niliangalia sakafu. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi kuliko injini yoyote niliyowahi kuishika. Nitaanzaje kumuumbua mtu ninayempa shikamoo kila siku, mbele ya binti wa umri wa mjukuu wake? Nilijiambia nitamwambia ndani ya gari. Ndani ya gari alikuwa amechoka, ameegemeza kichwa kwenye kioo. Nikajiambia nitamwambia kesho. Na niseme lote: mimi pia nilikuwa nimechoka. Gari la mtu lilikuwa juu ya jeki tangu juzi, mke wangu alikuwa amenuna, na daftari lile lilikuwa limenipa ruhusa ya kurudi kazini. Ruhusa hiyo niliichukua.

Wiki tano baadaye alishikwa na homa, mguu ukavimba mpaka kwenye goti, na harufu ilikuwa ile ambayo hata mimi, mtu wa grisi, niliitambua. Walimkata chini ya goti.

Nilikwenda kumwona hospitali mara tatu, lakini palikuwa na watu, watu wa kwaya, majirani, binti yake aliyekuja kutoka Bukoba. Tukaongea habari za chakula. Aliporudishwa nyumbani ndipo nilipomkuta peke yake, binti yake yuko jikoni anamenya ndizi. Alikuwa amekalia kochi, shuka limefunika mapaja, na chini ya shuka upande mmoja palikuwa pamelala bapa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Kaa."

Nikakaa. Akawa anazungusha kikombe cha maji.

"Siku ile koridoni nilikuachia daftari," akasema. "Ulilifungua?"

"Nililifungua."

"Ukaona?"

"Niliona, Mwalimu."

"Ulijuaje?"

"Safari ya kwaya. Na zilikuwa hazitikisiki."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama aliyesikia jibu sahihi kutoka kwa mwanafunzi ambaye hakumtarajia.

"Na ukanyamaza."

"Nilinyamaza."

"Kwa nini?"

"Heshima, Mwalimu."

"Heshima," akasema. Akaangalia pale shuka lilipolala bapa, muda mrefu, mpaka nikatamani anitukane. "Nilipima siku nne, Fundi. Ya kwanza ilikuwa kumi na tisa. Ya pili kumi na nane na kitu. Ya nne sikuisoma, nilikigeuza kipimo kifudifudi. Nilijiambia, nikiandika hizi watanikata. Nikaandika za watu wasiokatwa. Niliogopa. Miaka yote ile niliwachapa watoto, na sikuwahi kumuuliza hata mmoja kama alikuwa anaogopa."

Nililia. Sijui kulia kwa adabu, nililia kwa kamasi, na yeye aliniacha nilie, hakunibembeleza. Nilimwambia kwamba ningeweza kusema mle ndani, neno moja tu.

"Ungeweza," akasema. "Na mimi ningeweza. Tumepika wote, wewe kwa mdomo, mimi kwa peni. Futa uso, binti yangu anakuja."

Binti yake akaingia na sahani, akatukuta kimya, akatuuliza kuna nini. Mwalimu akasema tunaongea habari za petroli. Nilikula ndizi zile bila kujua ladha. Nilipoinuka kuaga akanishika mkono wa shati.

"Nimebakiwa na mmoja," akasema. "Kesho saa kumi na mbili uje. Utoboe wewe, usome wewe, uandike wewe. Mimi kwenye hili sijiamini."

Tangu siku hiyo napita kwake kila asubuhi kabla ya kufungua gereji. Ni mzigo, sitasema si mzigo. Nafika nikiwa bado na usingizi, yeye ameshakaa, mkono ameunyoosha juu ya meza kabla sijaketi. Anafumba macho wakati wa sindano. Jana ilikuwa tisa nukta moja, akafurahi, akasema chai ya siku hiyo nimeistahili. Leo kipimo kimesema kumi na nne nukta saba.

"Rudia," akasema.

Nikatoboa kidole kingine. Kumi na nne nukta tatu.

Nikaandika zote mbili, na saa. Alinyoosha shingo akasoma nilichoandika. Nje watu walikuwa wanateremka mawe ya kilimani kwenda kazini, tukawasikiliza wakipita. Mkono wake mmoja ulikuwa umeshuka chini, umelishika goti la kulia.

"Mpigie daktari," akasema. "Mwambie ya leo. Usimwambie ya jana, asije akanipongeza tena."